Mabenchi ndani ya Kisahani

Usiku wa jana niliota nimepangiwa kusimamia mtihani ndani ya kisahani cha plastiki.

Kisahani kilikuwa na ukubwa wa kiwanja cha mpira, na ukingo wake ulinifika kifuani. Sakafu iling'aa kiasi cha kunionyesha mimi mwenyewe kichwa chini, miguu juu, nimevaa sketi yangu ya kijivu na beji ya msimamizi. Sikushangaa. Nilichojiuliza ni mahali pa kuweka mkoba wangu, kwa kuwa hapakuwa na meza.

"Weka popote," kilisema kisahani. "Hautakaa. Hapa hakuna kinachokaa."

Sauti ilitoka chini ya viatu vyangu. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kupokea wageni ofisini na kuwaambia kwamba mkubwa hayupo.

Niliuweka mkoba. Ukateleza wenyewe, taratibu, mpaka ukingoni, ukasimama huko kama mtoto aliyepewa adhabu.

"Watahiniwa wako wapi?" nikauliza.

"Wamo kwenye kichupa. Wanaletwa."

"Wa shule gani?"

"Wa moyo wa Namsifu."

Hapo nilinyoosha mgongo. Namsifu ni mdogo wangu, wa mwisho kwa mama yetu. Hata ndotoni nilikumbuka kwamba amelazwa mjini, kwamba moyo wake hupiga ovyo, na kwamba madaktari wana dawa mbili mkononi lakini wanaogopa kumpa yoyote kabla ya kujua moyo wake utaipokeaje. Nilikumbuka pia jinsi mtaalamu wa maabara, Bwana Lwitiko, alivyotueleza kwa upole. Walichukua chembe za ngozi yake, wakazilea, wakazigeuza kuwa seli za moyo. Seli hizo zikikaa vizuri kwenye kisahani na kupiga kama moyo upigavyo, zitaonjeshwa dawa kwanza zenyewe kabla ya mwenye moyo. Tatizo ni kwamba hazikai. Zilizotangulia zilielea, zikanywea, zikafa. Kilikuwa kimebaki kichupa kimoja.

"Na hawa wasipokaa?" nikauliza, ingawa jibu nililijua.

"Seli isiyopata pa kushika hufa," kilisema kisahani. "Siyo adhabu. Ndivyo zilivyo."

Kisha mlango ukafunguka mahali ambapo hapakuwa na mlango, na watahiniwa wakaingia.

Walielea usawa wa kichwa changu, mviringo, laini, wenye mwanga hafifu ndani, kila mmoja na ukubwa wa puto la harusi. Hawakuwa na nyuso. Hata hivyo niliwatambua mara moja, kwa sababu wote walikuwa na sauti ya Namsifu.

"Dada! Kumbe ni wewe! Mbona umevaa kama unakwenda kutoa posa?"

"Dada amenenepa."

"Hajanenepa, ni sketi."

"Basi sketi imenenepa."

"Watahiniwa, kimya," nikasema. "Kaeni."

Walijaribu. Hilo ni lazima niliseme kwa haki. Kila mmoja alishusha miguu yake myembamba kama nyuzi, akaigusisha sakafuni, akateleza. Mmoja alinipita kwa mbele akienda kulia. Baada ya muda akanipita tena akienda kushoto.

"Jamani, hii sakafu imemwagiwa mafuta ya kupikia?" aliuliza.

"Mimi ni plastiki," kilisema kisahani. "Nilizaliwa kiwandani. Maji hayanipendi, nami sijawahi kuyaomba radhi."

Yule aliyeisema sketi yangu alikuwa msemaji kuliko wenzake wote. Sasa niliona amenyamaza. Ngozi yake ilikuwa imeanza kukunjamana upande mmoja.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Nasikia baridi kidogo, dada. Lakini wewe endelea na kazi yako."

Hivyo ndivyo Namsifu anavyozungumza akiwa mgonjwa kweli. Akiwa mzima hulalamika tangu asubuhi. Akizidiwa hukupa ruhusa ya kuendelea na kazi yako. Nikajua muda ni mfupi.

"Wanakosa nini?" nikakiuliza kisahani.

"Muhuri. Mahali pasipopigwa muhuri, mguu wa seli hausomi kitu. Ni kama umemleta mtu mbele ya ukuta mtupu ukamwambia aingie."

Yeyote aliyewahi kufuatilia jambo ofisini ataelewa kwa nini sikubishana. Nilivuta droo.

Droo ilikuwapo kwa sababu sasa nilikuwa katika ofisi ya taaluma ya shule yetu, huku milimani Ugweno, na dirishani ukungu ulikuwa umekaa kama kawaida. Sakafu ilikuwa bado ya plastiki. Watahiniwa walikuwa wamegandamana chini ya dari, wakisoma ratiba ya vipindi na kuicheka.

Ndani ya droo ulikuwamo muhuri wa mpira.

"Shikamoo, Mwalimu Nakijwa," ukasema.

"Marahaba. Unafanya kazi?"

"Mimi ni mpira laini. Utakachonichonga ndicho nitakachokisema. Sina maoni."

Kando yake kulikuwa na chupa ya wino, lakini ndani hamkuwa na wino. Mlikuwa na kitu kizito kidogo, rangi ya uji mwepesi, kinachong'ang'ania kijiti. Muhuri ukanieleza kwamba hiyo ni protini ya kunata, ile ile ambayo mwili huitandika ndani yake kila mahali kama jamvi, ili seli zikifika zipate pa kukanyaga. Ukaniomba nisiipoteze ovyo. Nikauhakikishia kwamba mimi si mtu wa kupoteza vitu ovyo.

Nikachukua wembe nikaanza kuchonga.

Kuhusu mpangilio sikuhitaji kufikiri. Mimi nimewakalisha watahiniwa kwa muda mrefu wa maisha yangu. Kila mmoja hupewa dawati lake. Pande zote nne huachwa nafasi, ili jicho lisifike kwenye karatasi ya jirani na mkono usifike kwenye mkono. Niliufikisha mpangilio huo shuleni kwetu baada ya mabishano mengi na watu ninaowaheshimu, na mabenchi ya zamani yakatolewa nje, yakapelekwa jikoni. Kwa hiyo nilichonga viti vidogo vya mraba, vilivyotengana, katika safu ambazo ungeweza kuzipimia rula.

"Vimekuwa vidogo," ulisema muhuri.

"Kiti kikubwa humfanya mtu asinzie."

"Sina maoni. Ila mtu hapimwi kiti akiwa amekunja miguu."

Nikafanya kazi.

Nachovya muhuri. Napuliza ukauke kiasi. Nainama, nausimamisha wima, naukandamiza sakafuni, nahesabu kimoyomoyo, nauinua. Viti vimebaki, havionekani kwa macho, lakini ukiinamisha kichwa unaona vinang'aa kama alama za kidole kwenye glasi. Napiga tena. Napiga tena. Ofisi imeondoka bila kuaga na kiwanja kimerudi, nami natembea kinyumenyume nikipiga muhuri mpaka nagusa ukingo kwa kisigino.

"Na nafasi zilizobaki katikati?" kiliuliza kisahani. "Ukiziacha hivi hivi, uchafu wowote utakaa humo, na seli zitaufuata."

Kulikuwa na ndoo ya dawa ya kuzuia kushika. Nikaimwaga. Mahali popote pasipo na muhuri sakafu iliota nywele laini, ndefu, zilizobanana kama manyoya ya brashi mpya, nazo zikasema kwa pamoja, kwa adabu kubwa:

"Pita."

Nikaweka mguu wangu juu yake nijaribu.

"Pita," zikasema, nami nikapita bila kukusudia, hadi nikaukuta mkoba wangu kule ukingoni.

"Umeona?" ukasema mkoba. Tangu mwanzo haukuwa umesema neno.

Watahiniwa walishuka. Mmoja mmoja waliviona viti vyao, wakashusha nyuzi zao, na nyuzi zikashika. Nilisikia pumzi ikishushwa chumba kizima.

"Dada, hapa pana joto!"

"Kumbe sakafu ina moyo mzuri."

"Sina," kilisema kisahani. "Ni muhuri."

Nikasimama mbele. Naomba uniamini nikisema kwamba katika kazi yangu yote sijawahi kuona safu zilizonyooka namna ile. Ukitazama kwa mbele zimenyooka. Ukitazama kwa ubavu zimenyooka. Hata kwa mshazari zimenyooka. Nilipata furaha ambayo sidhani kama ni ya kila mtu.

"Watahiniwa," nikasema, "hamruhusiwi kuzungumza. Hamruhusiwi kugusana. Swali ni moja tu. Anzeni."

Pakawa kimya. Kisha wakaanza kupiga.

Huyu akapiga. Yule wa mbali akapiga. Wawili wakapiga karibu karibu, wa tatu akachelewa. Ilikuwa kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati, yale yanayokufanya usimame uangalie nguo ulizoanika. Nilingoja mvua yenyewe ije. Haikuja. Yalibaki matone tu, kila moja na lake.

Yule msemaji akainua uzi mmoja juu.

"Mwalimu, samahani. Swali linasema: Piga sasa."

"Ndiyo."

"Sasa ni lini?"

"Sasa ni sasa."

"Mwenzangu wa kushoto, sasa yake imeshapita."

"Usimwangalie mwenzako wa kushoto."

"Nimwangalie vipi, dada? Magoti yangu yako puani. Hata mimi mwenyewe sijioni."

Nikainama nitazame. Alisema kweli. Viti vyangu vilikuwa vimewatosha kushika, lakini havikuwatosha kunyoosha miguu. Kila mtahiniwa alikuwa amejikunja kama mtu aliyelala ndani ya beseni. Wale wa safu ya nyuma walikuwa wameanza kukunjamana, mmoja baada ya mwingine, kimyakimya, bila kumsumbua msimamizi.

"Seli isiyoweza kujinyoosha huamini kwamba haihitajiki," kilisema kisahani. "Ikishaamini hivyo, huaga."

Nikageuka kuandika jambo ubaoni. Ubao ulikuwa umekuwa dirisha la wodi.

Namsifu alikuwa kitandani, blanketi kiunoni, kilemba chake cha njano kimelegea. Kifua chake kilikuwa cha kioo kama dirisha la duka, na ndani ya kioo niliuona ukumbi wangu wa mtihani, safu zake zote, na mimi mwenyewe mbele yake, mdogo kama kiberiti, na beji yangu. Juu ya kitanda mashine ilikuwa ikichora mstari. Ulikuwa mwandiko wa mtoto anayeandika huku amepakiwa kwenye baiskeli.

"Dada mwalimu," alisema Namsifu, na watahiniwa wote wakasema pamoja naye. "Umetupanga vizuri mno. Mama angekuwapo angewaita majirani waje kuona. Ila tunakufa kwa nidhamu."

"Mnataka nini?"

"Tunataka kuulizana."

"Huko ni kuibia."

"Kumuuliza jirani sasa ni lini, ni kuibia?"

Nilitazama ukutani, mahali ambapo Kanuni huning'inia katika kila chumba cha mtihani. Ilikuwapo, ndani ya fremu yake, kwa herufi nyeusi: Mtahiniwa hatazungumza na mtahiniwa mwenzake wala kumgusa. Nikaitazama kama mtu anavyomtazama shahidi wake.

Kanuni ikakohoa.

"Mwalimu, mimi niliandikwa kwa ajili ya karatasi," ikasema. "Humu sijaona karatasi hata moja. Nimening'inia kwa ajili ya heshima yako tu, na msumari unaniumiza."

Ikajitungua, ikaichukua fremu yake kwapani, ikanipa mkono, ikatoka. Mlango iliufunga taratibu.

Sikuwahi kubaki ndani ya chumba cha mtihani bila Kanuni. Mikono yangu haikujua ikae wapi.

"Muhuri," nikasema, "una maoni gani?"

"Sina maoni. Ila nina upande wa pili."

Nikaugeuza. Upande wa pili ulikuwa laini, haujaguswa. Nilijua kinachotakiwa kuchongwa pale. Hata hivyo niliwauliza watahiniwa, nikitumaini watasema kitu kingine.

"Mabenchi," wakasema wote.

"Yale marefu."

"Yale uliyoyapeleka jikoni."

Niseme ukweli kuhusu mabenchi. Benchi la watoto wanne hukaliwa na saba. Mmoja anasoma, sita wanaona. Anayecheka mwanzoni mwa benchi humwangusha aliyekaa mwishoni. Ukisimama mbele huoni safu, unaona ukuta wa viwiko. Wembe ulikuwa mzito mkononi mwangu kana kwamba naandika barua ya kuacha kazi.

Lakini midomo ya Namsifu ilikuwa inapoteza rangi, na safu ya nyuma haikuwa inasema chochote tena.

Nikachonga. Mistari mirefu, kutoka ukingo hadi ukingo, na nafasi nyembamba katikati. Angalau mistari ilinyooka.

"Kisahani," nikasema, "sakafu imejaa viti vyangu vya kwanza. Nifanyeje?"

"Nigeuze."

"Nikugeuzeje, na ukubwa huu?"

"Kama chapati."

Basi tukawa jikoni kwa mama, na kikaango kilikuwa kipana kama kiwanja, na mwiko ulikuwa mkononi mwangu tayari. Nikakigeuza kisahani. Kikapaa, kikaanguka chali, kikasema ahsante. Upande wa pili ulikuwa safi kabisa.

Ila nilipokigeuza niliwarusha watahiniwa wote hewani. Wakawa wanaelea tena, katika ubaridi, bila pa kushika. Yule msemaji alinipita karibu na sikio. Alikuwa amebaki mdogo kama zambarau kavu, na mwanga wake wa ndani ulikuwa umefifia hata sikuwa na hakika kama bado upo.

Sikufikiri. Nilinyoosha kidole.

Nyuzi zake zikagusa ncha ya kidole changu, zikapapasa, zikaingia katika mistari ya ngozi, zikashika.

"Ee!" akasema. "Kumbe kidole chako kimepigwa muhuri."

"Shika vizuri."

"Nimeshika. Fanya haraka, dada, lakini usionekane una haraka. Wenzangu wanaogopa."

"Siogopi!" alisema mmoja juu.

"Unaogopa. Nakujua, wewe ni mimi."

Basi nafanya kazi kwa mkono mmoja. Nachovya. Napuliza. Naukandamiza muhuri kwa kiganja, kwa kiwiko, mwisho kwa goti, na mkono wa pili nimeuinua juu kama mwanafunzi anayejua jibu, na juu ya kidole kuna mdogo wangu. Mstari wa kwanza. Wa pili. Mimi ni mtu wa taratibu, lakini sasa nakimbia, na sketi inanizuia, nami naipandisha juu ya magoti mbele ya watahiniwa, jambo ambalo sikuwahi kulifanya wala sikutarajia kulifanya. Wanashangilia. Namwaga ndoo. Nywele zinaota katikati ya mistari na kuanza mara moja kusema, "Pita. Pita. Pita."

"Shukeni!" nikasema.

Wakashuka.

"Sogea."

"Nisogee wapi, nipande juu ya bega lako?"

"Mguu huo ni wangu."

"Wako ni ule pale, umeusahau kwa jirani."

"Nani kanifinya?"

"Mimi. Nakusalimu."

"Basi salamu imefika, acha."

Hawakukaa kama nilivyozoea watu wakae. Walijinyoosha. Kila mmoja alijivuta kwa urefu wa benchi mpaka akawa mwembamba, mrefu, ametulia, wote wakielekea upande mmoja, bega juu ya bega. Na pale bega lilipogusa bega nikaona kijidirisha kikifunguka, kidogo sana, na kitu kikipitishwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Nikainamisha sikio.

"Sasa," alinong'ona wa kwanza.

"Sasa," akampa jirani yake.

"Sasa." "Sasa." "Sasa."

Benchi zima likapiga, mara moja, kama watu wanaoinua gogo.

Sikuwa nimepumua kwa muda. Nikapumua. Benchi la pili nalo likapiga, kwa nguvu, kwa pamoja. Ila lilipiga baadaye kidogo. La tatu likapiga baadaye zaidi. Kila benchi lilikubaliana lenyewe kwa lenyewe, na hapakuwa na benchi lililokubaliana na jingine. Nikaangalia dirisha la wodi. Mashine ilikuwa sasa inachora mistari kadhaa iliyokatana, kama ndugu wanaozungumza wote kwa wakati mmoja kwenye kikao cha harusi.

"Niteremshe," alisema yule wa kidoleni.

"Mabenchi yamejaa."

"Niteremshe hivyo hivyo."

"Utakaa wapi? Nikuteremshe wapi, Namsifu?" Nilikuwa nimemwita jina bila kukusudia. Msimamizi haruhusiwi kumwita mtahiniwa jina.

"Hapo katikati."

Nikashusha kidole juu ya nywele, kati ya benchi na benchi. Aliachilia uzi mmoja, akautupa benchi la kushoto. Akaachilia mwingine, akautupa benchi la kulia. Kisha akajivuta, akajilaza kombo, nusu huku nusu kule, kama alivyokuwa akilala utotoni katika kitanda chetu, kichwa kwake na miguu kwangu.

"Pita," zikasema nywele.

"Ninapita," akasema.

"Pita."

"Ninapita. Ila ninapita polepole sana."

Nywele zikashauriana. Hazikuwa zimeandaliwa jibu la hilo.

Na mimi nikanyoosha mkono nimnyooshe. Sikuamua kuunyoosha. Uliondoka wenyewe. Mtahiniwa mmoja akikaa kombo chumba kizima huonekana kimeharibika, hata ukitazama tangu mlangoni, na mkono wangu haujawahi kumwacha mtu wa namna hiyo. Ukafika begani kwake.

Chini ya vidole vyangu nikaisikia. Benchi la kushoto lilisema sasa, nayo sasa ikaingia kwake, ikapita mwilini mwake mzima uliokunjamana, ikatokea benchi la kulia. Ikarudi. Ikaenda tena. Aliposhika ndipo ilipopita. Ningemnyoosha, ningeikata.

Nikauondoa mkono, nikautia mfukoni mwa sketi.

"Karibu," ulisema mfuko. "Ni mara yako ya kwanza."

Kisha kisahani kizima kikainuka.

Sijui nielezeje. Sakafu iliinuka chini yangu na kushuka, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala baada ya kazi. Mabenchi yote yalisema neno moja, mara moja, na hakuna aliyechelewa. Mkoba wangu uliruka pale ukingoni. Nilitafuta pa kushika, nikakuta hapahitajiki.

"Jamani," kilisema kisahani, ambacho hakijawahi kukubaliana na kitu. "Hiki nimekisikia mpaka kiwandani."

Yule wa kombo alikuwa amejaa. Mikunjo ilikuwa imeondoka, na mwanga ndani yake ulikuwa unawaka na kutulia, unawaka na kutulia. Hakusema lolote kuhusu sketi yangu. Alikuwa na kazi.

Dirishani, Namsifu alikuwa amelala mdomo wazi, jambo ambalo hukana kila akiambiwa. Juu yake mashine ilikuwa ikiandika kwa mwandiko wa mwalimu wa darasa la kwanza: herufi zilizosimama, nafasi sawa, bila kufuta.

"Mwalimu," ulisema muhuri kutoka mkononi mwangu, "sasa nina maoni."

Nikauinua karibu na sikio niyasikie, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nje mtu alikuwa anafagia. Nilikaa kitandani kidogo, nikatandika, nikabandika maji ya chai, kisha nikaichukua simu iliyokuwa kwenye chaji.

Bwana Lwitiko alikuwa ameandika kutoka maabara.

"Shikamoo Mwalimu. Samahani kwa kukusumbua mapema. Zimeshika, na tangu alfajiri zinapiga kwa pamoja. Daktari amekubali leo mchana tuanze kuzijaribia dawa ya kwanza. Nimemwonyesha mgonjwa mwenyewe, akasema zimefanana naye, zinaringa. Nakutumia picha."

Picha ilikuwa ya kijivu, iliyopigwa kwa darubini. Nilifuta miwani, nikaitanua kwa vidole viwili. Mistari ilienda kutoka ukingo hadi ukingo, imenyooka, imejaa, seli zimelala ndani yake bega kwa bega, zote zikielekea upande mmoja. Kati ya mistari palikuwa peusi na patupu.

Isipokuwa mahali pamoja, karibu na katikati. Hapo seli moja ilikuwa imejilaza kombo juu ya weusi, nusu mstari huu, nusu mstari ule.

Nilikuwa bado naitazama picha hiyo, ujumbe wa pili ulipoingia.

"Nilisahau kusema, Mwalimu. Hiyo moja iliyolala kombo isikutie wasiwasi, haina madhara, ila sijaelewa imefikaje. Muhuri wetu una mistari peke yake, na hapo katikati tulipaka dawa ya kuzuia seli zisishike. Sikuipanga mimi."

Maji yalikuwa yameanza kuchemka. Niliyaacha yachemke, nikamwandikia.

"Marahaba, Bwana Lwitiko. Najua."